Niliuzamisha Wimbo wa Mtani Wangu

Nimekosa, wenzangu. Nimekosa huku nikijua ninakosa, tena kwa mguu wangu mwenyewe, mchana kweupe, ukumbi umejaa watu. Asije mtu kunitetea kwamba ni shetani. Shetani hakuwemo kwenye bendi yetu. Nilikuwemo mimi.

Jina langu naliweka kando. Si kwamba najificha. Watu wa Korogwe watakaosoma hapa watanijua kabla hawajafika katikati. Ni kwa ajili ya mke wangu na wazazi wake. Na huyo niliyemkosea nitamwita Hiza, jina ambalo Wazigua wengi wanalo.

Hata sasa ninaandika nusu nimekaa, nusu nimesimama. Mistari miwili, naenda mlangoni, narudi. Mke wangu ameshaniuliza kama tumbo linanisumbua.

Miaka ile mashamba ya mkonge yalikuwa yameshataifishwa, na shamba letu lililo nje kidogo ya mji lilianzisha bendi ya wafanyakazi. Baba yangu alifika hapo zamani kama manamba, kibarua wa mkataba, kutoka Unyamwezini, nami nikazaliwa kambini. Asubuhi nilikuwa ghalani nikipanga marobota ya katani. Jioni nilikuwa mpiga solo. Jumapili tulipiga bugi, lile dansi la mchana, mtaa wa Manundu, na vijana wa Masuguru walikuja wamechana nywele wakang'aa mafuta, ungedhani ni Idi.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo kiburi changu kilipozaliwa. Kilichonipa sifa hakikuwa vidole. Kilikuwa kisanduku!

Nilikipata Tanga, kwa baharia wa meli moja ya Kigiriki iliyokuja kupakia katani. Alikuwa mpiga gitaa kama mimi. Nilimwachia baiskeli yangu, naye akanipa kisanduku hicho cha chuma, kirefu kama mkate wa boflo, chenye waya wa umeme. Ndani kulikuwa na springi mbili zimevutwa toka mwisho hadi mwisho. Unachomeka gitaa upande huu, upande ule unatoa waya kwenda kwenye amplifaya. Ukikanyaga kibonyezo, sauti inapita kwenye springi na kutoka na mwangwi nyuma yake, kama mtu anayeimba ndani ya kisima. Ubavuni kilikuwa na kidude cha kuzungusha, kama kile cha kuongeza sauti ya redio. Ukizungusha kidogo, unapata utamu. Ukizungusha hadi mwisho, noti zinapandana, zinamezana, husikii ila uvumi.

Korogwe nzima hakuna aliyekuwa na kitu kama kile. Bendi wakakibatiza "Kisima". Wasichana walikuja karibu na jukwaa kukitazama. Nami nilipiga peku daima, nikikichezea Kisima kwa dole gumba la mguu bila hata kuinama. Nilijiona mtu, jamani! Nilijiona mtu kwelikweli!

Halafu akaja Hiza.

Alitoka kijiji kimoja cha Handeni, kaja kutafuta kazi shambani, wakampeleka kwenye korona, ile mashine kubwa inayosaga majani ya mkonge ikabaki nyuzi. Korona ni kazi ya hatari, na kila mtu kambini alimjua aliyeumizwa nayo. Lakini jioni moja alichukua gitaa la ridhim ambalo mwenyewe alikuwa anaumwa malaria, akaanza kulikuna. Mazungumzo yote yakakatika.

Alipiga kavukavu. Hakuwa na Kisima wala nini. Kila noti ilisimama peke yake, safi, kama punje ya mahindi. Na miguu haikutulia! Akipiga, anarukaruka kama mtu aliyekanyaga siafu.

Kiongozi wetu, Mzee Anton, mpiga tarumbeta aliyewahi kuwa jeshini, alimtazama hadi mwisho akasema, "Kijana, kuanzia leo wewe ni wetu."

Tukawa marafiki, mimi na Hiza. Mzigua na Mnyamwezi ni watani, kwa hiyo tulitukanana asubuhi hadi jioni na hakuna aliyekasirika. Tulikula sahani moja. Alipougua, nilimwogesha. Nilipooa, yeye ndiye aliyebeba kitanda changu kichwani kutoka stesheni, akiimba njia nzima kwamba Mnyamwezi amezoea kubeba mizigo, leo kabebewa.

Siku moja nilimwambia ajaribu Kisima. Akapiga kidogo, akainamisha kichwa kusikiliza, akacheka.

"Kitamu, mtani. Lakini sivisikii vidole vyangu."

Neno dogo tu! Hakulisema kwa ubaya. Lakini mimi lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Maana mimi vidole vyangu nilikuwa sijavisikia tangu siku niliyotoka Tanga.

Nikaanza kutega sikio. Bugi likiisha, watu walikuwa wanasema nini? Zamani walisema, "Yule wa Kisima." Sasa walisema, "Yule anayeruka." Nikawa silali vizuri. Nikawa napiga kwa nguvu mno, nazidisha mwangwi, Mzee Anton ananikonyeza nipunguze. Sipunguzi.

Ndipo ikaja habari kwamba watu wa redio watapita kurekodi bendi za mikoani, na Korogwe watasimama Jumapili moja. Shamba zima lilichangamka. Meneja akatuita bendi nzima.

"Wawili watakaosikika vizuri redioni kwa nyimbo zao," akasema, "nitawatoa kwenye kazi za shamba. Watakuwa wanamuziki wa kudumu, wafundishe wenzao. Wengine mtaendelea na kazi zenu."

Nyimbo zilizochaguliwa zilikuwa tatu. Mmoja wa Mzee Anton, mmoja wangu, mmoja wa Hiza. Mzee Anton alikuwa karibu kustaafu, hakuitaka nafasi hiyo. Kwa hiyo nafasi zilikuwa mbili, na sisi tulikuwa wawili. Mnanielewa? Tungeweza kupata wote! Hakuna aliyeninyang'anya chochote. Hapo ndipo ninapojishangaa hadi leo.

Wimbo wa Hiza ulikuwa wa mama yake. Yule mama alikuwa amehamia kijiji kipya cha ujamaa pamoja na wenzake, nyumba zimejengwa kwa mistari, zote sawa, na Hiza alikuwa hajaenda huko bado. Akatunga: "Mama washa moto nione moshi, nyumba zote zimefanana." Basi, kiitikio kilikuwa hicho tu. Lakini gitaa lililofuata baada ya maneno hayo lilikuwa lenyewe linatafuta nyumba. Linabisha hodi hapa, linarudi, linabisha pale. Wanawake wa kambini walilia kwenye mazoezi. Mke wangu pia alilia. Nilimwona akijifuta kwa upande wa kanga, nikatoka nje.

Hiza alimpelekea mama yake salamu kwa mtu wa Handeni: kaeni karibu na redio ya kijiji, mtanisikia.

Jumapili ikafika. Tulirekodia kwenye bwalo la shamba. Paa la bati lilirudisha sauti, kwa hiyo wanawake walituazima mablanketi tukayatundika madirishani na kila ukutani. Kuku wakafukuzwa mbali. Amplifaya ikasogezwa kwenye kona, mdomo wake ukaelekezwa kwenye maikrofoni, nayo ikazungushiwa mablanketi. Sisi wapigaji tulisikia ngoma na tarumbeta kuliko magitaa. Aliyesikia kila kitu sawasawa alikuwa fundi mitambo wa redio, aliyekaa nje kwenye gari lao na vipokea sauti masikioni.

Wimbo wa Mzee Anton ukapita. Wangu ukapita, na mwangwi wake mzuri, fundi akatoka akanyoosha dole gumba. Moyo wangu ungetulia hapo, ningekuwa mtu mwingine leo.

Ikaja zamu ya Hiza kupiga solo, mimi nirudi kwenye ridhim. Mzee Anton akasema, "Hiza, pitia kwenye Kisima, kidogo tu, kama chumvi kwenye mchuzi. Redioni gitaa kavu mno linakuwa jembamba."

Hiza akanitazama. "Mtani, nitegeshee wewe. Mimi sikijui."

Akaniamini! Nikainama nikategesha sawasawa, kidogo, kama chumvi. Naapa, wakati nainama sikuwa na nia mbaya.

Wimbo ukaanza. Akaimba ule mstari wa moshi. Gitaa likaanza kubisha hodi. Nikamwangalia mke wangu aliyekuwa amesimama mlangoni, akimtazama Hiza vile ambavyo hajawahi kunitazama mimi nikipiga. Si kwa mapenzi ya namna ile, hapana. Ni kwa heshima. Na mguu wangu ukaondoka. Dole gumba likakuta kile kidude ubavuni mwa Kisima, nikakizungusha hadi mwisho.

Hiza hakujua. Alikuwa amefumba macho, anaruka.

Fundi akatoka garini mbio. "Simamisheni! Gitaa linazama! Silisikii, nasikia uvumi mtupu. Nani amegusa kile kisanduku?"

Na hapa, ndugu zangu, ndipo niliposema maneno ambayo nimeishi nayo kama jiwe ndani ya kiatu. Nilisema kwa upole, tena nikimshika bega:

"Labda umekipiga teke, mtani. Si unajua unavyorukaruka."

Hiza akaitazama miguu yake. Akaona haya. "Ni kweli," akasema. "Nisameheni, jamani."

Aliomba msamaha yeye!

Nikategesha upya. Mzee Anton akamwambia Hiza asimame pale pale bila kutikisika. Akapiga amekaza miguu, jasho linamtoka, na hata hivyo alipiga vizuri. Labda kuliko mwanzo. Kwa hasira ya kusikia amepiga vizuri hata akiwa amefungwa hivyo, nikarudia.

Mara ya kwanza mtu anaweza kusema alipitiwa. Mara ya pili hakupitiwa mtu. Nilingoja hadi gitaa lilipofika mahali pake patamu, ndipo nikazungusha.

Fundi alirudi anatikisa kichwa. Jua lilikuwa linashuka na walitakiwa Tanga jioni ile ile. "Wimbo mzuri sana," alimwambia Hiza, "lakini siwezi kupeleka hivi. Tukipita tena, tutaurekodi." Wakakunja nyaya zao wakaondoka. Hawakupita tena.

Nikawa mwanamuziki wa kudumu. Nafasi ya pili ilibaki wazi, meneja alisema atangoja watu wa redio warudi. Hiza akarudi kwenye korona.

Wimbo wangu ukapigwa redioni. Watu wa kambini wakaninyanyua juu juu. Hiza alikuwa mmoja wa walioninyanyua, alishika mguu wangu wa kulia. Mungu wangu! Mguu ule ule!

Mvua za masika zilipoanza, nilikuwa bwaloni nikifundisha, nikasikia king'ora cha kiwanda. Watu wakakimbia, nami nikakimbia. Nilipofika walikuwa wameshamtoa Hiza kwenye korona. Mkono wa kushoto ulikuwa umefungwa shati la mtu, shati limelowa. Mkono wa kushoto ndio mkono wa kubana nyuzi. Aliniona akasema, "Mtani, niitie mama," kisha akazimia.

Walimwokoa maisha. Vidole vilibaki dole gumba na kidole kidogo.

Nilimtembelea hospitali nikiwa na machungwa ambayo hakuna aliyeyala. Wodini kulikuwa na redio dirishani. Nikiwa nimekaa hapo, wimbo wangu ukaanza! Sikujua nitazame wapi. Hiza akageuza uso kwa muuguzi, akatabasamu, huku mkono mzima ukigonga mapigo kwenye chuma cha kitanda.

"Sista, huyu hapa ndiye mpigaji. Huyu huyu. Ni mtani wangu."

Muuguzi akanipongeza. Nikasema naenda kunywa maji, na sikurudi.

Hiza alipotoka hospitali alikwenda Handeni kwa mama yake. Sikumsindikiza hata stesheni ya basi. Nilisema nina mazoezi.

Mnataka kujua ilinigharimu nini? Nilianza kuuchukia wimbo wangu. Ukipigwa redioni nainuka naizima, hata kwenye nyumba za watu. Kwenye bugi nilianza kukosea, na nikikosea nazidisha mwangwi. Mzee Anton akaniambia, "Siku hizi unapiga kama mtu anayekimbizwa." Chakula nakila nimesimama. Mwanangu wa kwanza alipozaliwa nilimbeba nikizunguka naye uani hadi mke wangu akamchukua. "Mtoto anataka kulala," akasema, "wewe unamtembeza kama unatoroka naye." Mwishowe, mwaka jana baada ya mavuno, nikapanda basi la Handeni bila kumwambia mtu.

Nilimkuta Hiza ameketi uani na mkewe pamoja na mama yake, wanapukuchua mahindi. Alilibana gunzi kwa dole gumba na kile kidole kidogo, akapukuchua kwa mkono wa kulia, haraka kuliko nilivyotegemea.

Aliruka kunilaki. "Mnyamwezi! Umekuja kubeba mizigo ya nani huku?"

Nikamwamkia mama yake. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Wewe si ndiye tuliyekusikia redioni siku ile tulipomngoja mwanangu? Karibu."

Nikashindwa kukaa. Nikamwomba Hiza tusogee pembeni, kwenye ghala la mahindi. Nikamweleza yote. Kidude, dole gumba, bega nililomshika. Sikupamba kitu.

Halafu akauliza:

"Mara zote mbili?"

"Mara zote mbili."

Nilingoja ngumi. Niliitamani hiyo ngumi. Badala yake akaniuliza kwa sauti ndogo sana, kama mtu anayeogopa jibu:

"Kwa hiyo nilipiga sawasawa?"

Jamani! Nilijua nimemharibia wimbo. Nilijua, kwa kadiri fulani, hata mkono wake. Lakini hilo sikuwa nimelijua! Miaka yote hiyo aliamini kwamba nafasi yake aliiharibu mwenyewe.

"Ulipiga sawasawa, Hiza. Ulipiga kuliko sisi wote."

Akanishika kifundo cha mkono, akanivuta hadi uani. "Rudia," akasema. "Rudia mbele yao, kama ulivyoniambia."

Nikarudia mbele ya mkewe na mama yake. Mkewe aliacha kupukuchua. "Siku ya harusi yetu," akasema, bila kunitazama, "ngoma ilipigwa, watu wote wakacheza, bwana harusi akakaa kwenye mkeka amekunja miguu. Nikamuuliza, huchezi? Akaniambia, miguu hii iliniponza. Nilidhani nimeolewa na mtu asiyenitaka."

Nikapiga magoti kwenye maganda ya mahindi, nikafungua mdomo. Mama yake akainua mkono.

"Chakula utapewa, na pa kulala utapewa. Wewe ni mgeni. Lakini neno hilo unalotaka kulisema, usilisemee hapa kwangu leo. Sina cha kukujibu."

Nikala ugali wao na mlenda. Hakuna aliyenitukana. Laiti wangenitukana!

Asubuhi nilipoaga, Hiza alikuja hadi kwenye mlango wa ua, basi, hakuvuka. Hakuniita mtani. Aliniita kwa jina langu.

"Nenda kawaambie wa bendi," akasema. "Wote. Kambi nzima ilisema ni miguu yangu."

Nilikwenda, nikawaambia. Mzee Anton, aliyekuwa amestaafu tayari, alikuja kwa ajili hiyo, akanisikiliza hadi mwisho, akavaa kofia yake akaondoka. Meneja akanirudisha ghalani. Wenzangu bendini hawakunifukuza. Waliacha tu kunijulisha siku za mazoezi, nami nikaelewa. Jioni mke wangu akaniuliza jambo moja: "Ni kwa sababu nilikuwa nimesimama mlangoni?" Nilisema hapana. Sijui kama aliniamini. Tunaishi, lakini kuna neno limekaa katikati yetu.

Nilimpelekea Hiza salamu mara mbili kwa watu wanaokwenda Handeni. Jibu halijaja. Sina haki ya kulidai.

Basi, wewe unayesoma, usinionee huruma, jitazame. Wivu unao, kila mtu anao, sikufundishi kuhusu huo. Nakuonya juu ya jambo lililo baya zaidi. Kama kuna mtu umemtwisha kosa ambalo si lake, ukamshika bega na kumwambia kwa upole kwamba ni yeye, ujue hajalisahau. Analibeba akiwa shambani, akiwa harusini kwake, anajichukia bure kwa niaba yako. Inuka leo ukamwambie angali hai. Mwambie mbele ya mkewe na mama yake, hata kama watakaa kimya, hata kama hutasamehewa. Usiende kuomba msamaha. Nenda ukamrudishie kilicho chake.